Kidirisha Kilichofunzwa Kupiga Hodi

Kidirisha cha kwanza kilichomrukia Bi Mwatum binti Msabah usoni kilimkuta amekaa kitako anasikiliza Yasini. Tabuleti ameiegemeza kwenye birika la chai, miwani puani, tasbihi mkononi, na msomaji yumo katikati ya aya. Ghafla kisomo kikakatika, na mahala pake akatokea mwanamme kifua wazi, kavaa kaptula, anacheka, amekumbatia fenesi. Bi Mwatum, Mungu amrehemu, alifanya ambalo mwanamke yeyote mwenye adabu zake angelifanya. Alijitanda kanga, akageukia ukutani, akauliza kwa sauti kali:

"Nani aliyekufungulia mlango?"

Bwana wa fenesi aliendelea kucheka.

"Nadir! Wee Nadir!"

"Naam, mamkubwa."

"Njoo umtoe huyu bwana. Mie nilikuwa kichwa wazi."

Nadir alikuja mbio kutoka chumba cha pili, akatazama kioo, na badala ya kumtoa yule bwana akafurahi kama aliyeona jamaa. "Limekufikia, mamkubwa! Hilo tangazo langu. Nimelitengeneza mwenyewe."

"Umelitengeneza wewe?" Bi Mwatum bado anautazama ukuta. "Nimekulea, nimekupeleka chuoni ukahitimu msahafu, halafu unapeleka wanaume kifua wazi kwa wanawake wanaosikiliza Yasini?"

Hapo ndipo Bi Mwatum alipoijua kazi ya mtoto wake, ingawa ilikuwa ikifanywa sebuleni mwake kwa muda wote ule.

Nadir hakuwa mtoto wake wa kumzaa. Mdogo wake Bi Mwatum, Radhiya, aliyemzaa Nadir, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na Bi Mwatum, aliyefiwa na mume mapema na asiyejaaliwa kizazi, alimchukua akampeleka kwake Michenzani, ghorofa ya tatu, katika jumba moja kati ya yale majumba marefu. Yeye mwenyewe alizaliwa Mtoni. Kazi yake ya miaka yote, mpaka akastaafu, ilikuwa kupokea simu katika ofisi moja ya serikali, enzi zile za ubao wenye matundu na nyaya. Alikuwa na sharti moja ambalo hakuna mkubwa aliyeweza kulivunja: hakumuunganisha mtu mpaka asalimie. Wapo waliopiga kutoka Bara wakasema, "Nipe Katibu," wakajibiwa, "Waalaikumu ssalaam," wakarudia, "Nipe Katibu," wakajibiwa tena vile vile, mpaka wakashika adabu. Jikoni mwa nyumba zetu husimuliwa kwamba shehena nzima ya mchele iliwahi kulala bandarini kwa sababu bwana mmoja alikataa kuuliza hali.

Kwa Nadir alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila sikukuu, baada ya kumpa mkono wa Idi. "Wewe ndiye utakayenitilia maji mdomoni siku yangu. Sitaki jirani. Nakutaka wewe." Nadir hujibu, "Inshallah, mamkubwa," huku mdomo umejaa tambi.

Basi kazi ya Nadir ilikuwa vidirisha. Kampuni ya Bi Ulfat, inayotembeza wageni katika mashamba ya viungo ya Kidichi, ilimpa kazi ya kuitangaza mtandaoni. Mtu yuko kwao Ulaya anatafuta habari za hali ya hewa ya Zanzibar, na kidirisha kinamrukia. Akikibofya, anapelekwa kwenye ukurasa wa kupokelea, ambako huoneshwa picha na bei, akaweka nafasi. Shida ni kwamba hawakubofya. Katika watu elfu walibofya watatu, na wawili kati yao ni vidole vilivyoteleza.

Bi Ulfat alipanda ngazi kuja kulalamika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa kusema, miwani ya jua imekaa juu ya mtandio hata ndani ya nyumba.

"Nadir, watu hawa wanatufungia haraka mno. Kile kialama cha kufungia kifiche. Kiwe kama punje ya ufuta."

"Nshakipunguza, Bi Ulfat."

"Basi kikimbize. Mtu akitaka kukibofya, kisogee."

Bi Mwatum alikuwa anatoka jikoni na sinia la kahawa na kashata. Alisimama nalo mkononi. "Yaani mtu anataka kumtoa asiyemkaribisha, na mlango unamkimbia?"

"Ndiyo biashara ya mtandao hiyo, bibi yangu."

"Hiyo si biashara. Huko ni kuvamia nyumba."

"Sawa, kuvamia. Lakini wasipobofya mpaka Shaabani iishe, nitatafuta kijana mwengine wa kunivamia." Bi Ulfat akanywa kahawa yake mkupuo mmoja, akachukua kashata mbili, akateremka.

Nadir alibaki anazungusha kikombe. Kisha akalitoa lililokuwa moyoni. "Mamkubwa, Ami Zahran kanipigia tena. Duka lake la manukato la Maskati linataka mtu. Visa tayari. Kazi hii ikifa, mwezi wa Ramadhani ukiandama mie nnakwenda."

Bi Mwatum aliliweka sinia chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Maskati wapo watu wengi. Hapa nani atanitilia maji mdomoni?"

"Weye hufi leo, mamkubwa."

"Sifi leo. Lakini nitakufa kabla hujarudi. Nnakujua wewe. Hata ukenda Darajani kununua mkate huchelewa."

Asubuhi ya pili, baada ya kusali na kumaliza nyiradi zake, Bi Mwatum alikivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta, mahala ambapo hajawahi kukaa. Alikwisha kukata shauri. Watu wa kubofya walikuwa wanatakiwa ili mtoto abaki, na yeye katika maisha yake hakuwahi kukosa watu.

"Nambie. Hicho kidirisha kinaingiaje?"

"Kinaruka tu."

"Hakipigi hodi?"

"Mamkubwa, hii kompyuta."

"Ya nani? Si yako? Basi ifunze. Sisi chuoni tulifunzwa. Mgeni hupiga hodi mara tatu. Akiitikiwa, aingie. Asipoitikiwa, arudi zake bila kinyongo. Wewe umefunzwa, mimi nimefunzwa, hicho kidirisha chako kimelelewa na nani?"

Nadir alicheka, akaona hachekewi. Na kwa kuwa alikuwa ameshakata tamaa, alitii. Bwana wa fenesi akaondolewa. Badala yake ikachorwa picha ya mlango wa kuchonga, mdogo, pembeni chini, usiomziba mtu macho. Juu yake neno moja: Hodi. Kinangoja. Hodi ya pili. Kinangoja. Hodi ya tatu. Halafu kinaondoka chenyewe, wala hakirudi tena kwa mtu yule siku ile. Chini yake yakaandikwa maelezo mafupi kwa lugha za wageni juu ya hodi tatu na kurudi bila kinyongo, na mahali pa kubofya pakaandikwa Karibu, ambalo Bi Mwatum alikataa katakata lisitafsiriwe.

"Tangazo linaloondoka lenyewe!" alisema Nadir. "Nitachekwa mpaka Dar es Salaam."

"Na adhuhuri lisipige hodi. Watu wamelala, wamevua nguo."

"Adhuhuri ya wapi, mamkubwa? Duniani kuna adhuhuri nyingi."

"Kila mmoja kwa adhuhuri yake. Na alfajiri. Na baada ya isha. Kasome Suratu Nnur, nyakati zote tatu zimo."

Nadir alikesha kwenye hesabu za majira ya miji ya Ulaya ili kidirisha kisije kikamkuta Mjarumani kavua nguo.

Kisha pakaja ukurasa wa kupokelea. Nadir alikuwa ameujaza bei, nyota, na saa inayokwenda kinyumenyume chini ya maneno mekundu: Zimebaki nafasi mbili tu! Bi Mwatum alipotafsiriwa alishika kifua.

"Mgeni hajakaa, unamwambia nafasi zimekwisha?"

Saa ikaondolewa. Pakawekwa picha ya mkeka, na picha ya dele la kahawa, na salamu: Karibu kitako. Hujambo? Umeamkaje? Wazee wazima? Chini yake tafsiri, kisha nafasi ya mtu kujibu. Bei ikapelekwa mwisho kabisa, ambako haioni ila aliyeiuliza.

Siku mbili tatu baadaye Nadir aliizima kompyuta akaiwasha tena, akaizima tena, kwa kuamini kwamba imeharibika. Katika kila watu mia, arubaini walikuwa wamebofya Karibu. Wengine walingoja makusudi hodi ya tatu kuona kama kweli kitaondoka, kilipoondoka wakaona vibaya, wakarudi kesho yake kukitafuta. Bibi mmoja wa Finland aliandika kwamba kwao kuna theluji, na moyo wake haukumpa kumwacha mtu amesimama mlangoni.

Nadir aliruka juu. Bi Mwatum alisema tu, "Sasa mjibu. Kakwambia wazee wake hawajambo, na yeye nyonga inamuuma. Utamwacha hivyo hivyo?"

"Mamkubwa, hawa wako mamia!"

"Basi anza mapema."

Ikawa kutoka asubuhi mpaka magharibi Bi Mwatum yuko kitini anasema na Nadir anaandika. Mwambie ajikande kwa mafuta ya karafuu. Huyu mwambie pole kwa kufiwa na paka, lakini Mungu atampa mwengine. Huyu wa Ufaransa hakuuliza hali, mrudishie salamu mpaka aulize. Na kila mmoja alimmalizia kwa lile lile ambalo watu wa kwetu humalizia: ukija Unguja fika kwetu kwanza, Michenzani, jumba refu, ghorofa ya tatu, ulizia kwa Bi Mwatum. Alilisema kama linavyosemwa, kwa moyo mweupe, na bila kutazamia kwamba mtu atapanda ndege.

Bi Ulfat alikuja tena, safari hii anahema kwa hasira na kwa ngazi.

"Arubaini katika mia! Nimewauliza wanaojua, wameniambia namba hiyo haipo duniani! Na hakuna hata mmoja aliyefika Kidichi! Wanakuja kwenye ukurasa wangu kunywa kahawa ya bure!"

"Kahawa yenyewe ni picha, Bi Ulfat," alisema Nadir.

"Hata hiyo wameimaliza!" Aliketi, akapokea kikombe bila ya kufahamu kwamba amekipokea. "Sikiliza. Nioneshe mtu mmoja. Mmoja tu, mwenye miguu miwili, aliyetoka ndani ya kidirisha hichi akaja Unguja. Nikimwona kabla mwezi haujaandama, kazi ni yako mwaka mzima. Nisipomwona, Nadir, Mungu atakufungulia pengine."

Pengine ni Maskati, na kila mtu pale sebuleni alilijua hilo.

Siku zikenda. Wageni waliendelea kubofya, kuuliza hali na kutuma picha za wajukuu. Hakuna aliyekuja. Nadir akanunua begi. Bi Mwatum aliliona, akalifuta vumbi. Usiku alizidisha rakaa.

Ikaingia siku ya kuvunja jungu, siku ya mwisho ya Shaabani, ambayo watu hula kama wanaoaga chakula. Jumba zima la Michenzani, ngazi hata ngazi, lilinuka biriani, samaki wa nazi na vitunguu vya kukaanga. Begi la Nadir liko mlangoni. Yeye mwenyewe ametumwa barafu, na kama kawaida amechelewa. Bi Mwatum yumo kwenye sala ya adhuhuri, rakaa ya nne, aliposikia nje ya mlango sauti nzito inayotoka kooni:

"Hhodi."

Hakuweza kujibu. Aliye kwenye sala hajibu. Sheria inamruhusu mwanamke apige kofi jepesi kumjulisha mtu kwamba yupo anasali, naye akapiga, kiganja juu ya mgongo wa mkono. Mgeni wa nje, ambaye habari za kofi hazikuwemo katika ukurasa, akasikia na akadhani ndani kuna mtu anaua mbu.

"Hhodi," alisema tena. Akangoja kwa muda ule ule ambao kidirisha kilikuwa kikingoja.

"Hhodi."

Kisha zikasikika nyayo zinashuka ngazi, taratibu, bila kinyongo.

Bi Mwatum hakuikata sala yake. Aliikamilisha rakaa, akasoma tahiyatu mpaka mwisho, ingawa yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba salamu ya upande wa kushoto aliifanya fupi kidogo. Akafungua mlango. Kizingitini kuna boksi la peremende zenye maandishi yasiyosomeka, limefungwa utepe mwekundu. Bi Mwatum alishuka ngazi vile vile alivyo, na nguo yake ya kusalia, miguu mitupu, mwanamke ambaye hata enzi za ujana hakuonekana akikimbia.

Kwanza alimtafuta barabarani, akazunguka mpaka akachoka, hakumwona. Sasa, anayeyajua majumba yale anajua kwamba ni marefu na yanafanana, ngazi kwa ngazi, mlango kwa mlango. Mgeni alikuwa amejiambia kwamba amekosea ngazi. Akenda ya pili, akapanda ghorofa ya tatu, akapiga hodi.

"Mzungu?" alisema Bi Faiza, jirani wa ngazi ya pili, mwiko mkononi. "Kapita. Kapiga hodi vizuri, nikamkaribisha, kala biriani."

"Na wewe usiniite!"

"Nikuite kwa lipi? Mgeni wangu! Alisema Mwatum, Mwatum, nikadhani ndiyo jina lake. Nikamwambia, karibu sana Bwana Mwatum, nikamwongeza sahani ya pili."

Ngazi ya tatu, Mwalimu Abdulhakim, aliyesomesha jiografia miaka mingi, alikuwa barazani anajipepea. "Tumekaa naye. Mtu wa Poland. Kala pilau, kala sambusa, kanywa juisi ya ukwaju. Kaondoka anapumua kama ngamia."

"Mwalimu, kwa nini hamkumzuia?"

"Tulimzuia, Bi Mwatum. Ndiyo maana akala mara ya pili."

Ngazi baada ya ngazi habari ni ile ile. Hapa kalishwa pweza. Hapa kasema ameshiba, na mwenye nyumba, kwa kuwa hilo ndilo analosema kila mgeni mwenye adabu, akamjazia sahani. Hapa kajaribu kulipa, nusura pazuke ugomvi. Kila alipofika Bi Mwatum, watu walimwambia na yeye akae ale, na yeye huku anapiga mahesabu ya jua linavyoteremka na mwezi unavyojongea.

Alimkuta ngazi ya mwisho ya jumba. Mzee mrefu mwenye masharubu meupe, amejishikilia ukutani, uso mwekundu kama pilipili, shati limefunguka kifungo cha tumbo. Mbele yake mlango. Na kwa sauti ya mtu anayetekeleza ahadi, alisema, "Hhodi."

"Karibuuu!" wakaitikia wa ndani, na mwiko ukasikika ukigonga sufuria.

Machozi yakamlengalenga yule mzee. Ameitikiwa, na aliyeitikiwa huingia. Akanyanyua mguu.

"Usiingie!" Bi Mwatum alipiga ukelele kutoka chini ya ngazi. "Mwambie starehe! Ndilo jibu la asiyetaka kuingia! Sema starehe, baba, urudi!"

Mzee aligeuka, akamwona mwanamke mwenye nguo ya sala anayetweta.

"Mimi Mwatum," alisema Bi Mwatum, akijigonga kifuani.

Mzee akavua kofia. Alijinyoosha kwa kadiri tumbo lilivyomruhusu, akasema neno baada ya neno, kama mtoto mbele ya maalimu: "Hujambo? Umeamkaje? Wazee wazima?"

Pumzi zilikuwa zimemwishia, muda umemwishia, lakini Bi Mwatum hakuwahi katika maisha yake kuiacha salamu bila jawabu. "Sijambo. Nimeamka salama. Wazee wote washatangulia, alhamdulillahi. Na wewe wazee wako?"

Naye akaashiria mbinguni. Wakakaa wote wawili kwenye kidato, bega kwa bega, mpaka Nadir akawakuta na barafu iliyogeuka maji.

Jina lake lilikuwa Tadeusz, fundi wa reli mstaafu, mjane. Alibofya Karibu siku ambayo hakuna mtu mwengine aliyempigia hodi, akaulizwa wazee, akaamua kuja.

Bi Ulfat aliitwa, akaja mbio. "Yuko wapi? Ana miguu?"

"Anayo miwili," alisema Bi Mwatum, "ila leo haifanyi kazi."

Ilibidi Nadir na Mwalimu Abdulhakim wamteremshe mzee wa watu juu ya kiti. Bi Ulfat alimzunguka kama anayenunua gari, akamuuliza kwa Kiingereza kafikaje Unguja. Mzee, amefumba macho, akajibu neno moja tu, "Hhodi," na Bi Ulfat akatoa kalamu kutia saini kazi ya mwaka mzima. Kesho yake, kwa kuwa yeye hakuwa na saumu, walimpeleka Kidichi. Inasemekana alipomwona mkulima anamkatia fenesi, alijificha nyuma ya mdalasini.

Jioni ile ya kuvunja jungu mwezi uliandama. Nadir alilirejesha begi uvunguni. Bi Mwatum hakumpongeza wala hakulia. Alimtuma tende za kufuturia kesho, naye Nadir akachelewa.

Kidirisha kile kipo mpaka leo. Kinapiga hodi mara tatu kisha kinaondoka, na bibi wa Finland bado anaandika, ijapokuwa sasa anayemjibu ni Nadir peke yake, na hujibu kwa ufupi.

Bi Mwatum aliugua mwezi wa Rajabu uliopita. Siku yake ilipofika alikuwa kitandani kwake, ghorofa ya tatu, Michenzani, majirani wa ngazi zote wamejaa ukumbini wanasoma Yasini, na safari hii hapana kitu kilichokikata kisomo. Midomo ilimkauka. Kabla mtu hajasema neno, Nadir alikuwa ameshapiga magoti na bakuli la maji na kijiko. Akamtilia kidogo kidogo, akamtamkia shahada, naye akaifuata mpaka mwisho. Kisha akamfumbulia macho mtoto wake, akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Leo umekuja upesi," alimwambia.